Petroli ikivuja kwenye kiungo: Namna ya kulitengeneza gari la zamani bila kuhatarisha maisha

HARUFU ya petroli katika gari kuukuu ni jambo ambalo wamiliki wengi wamelizoea kiasi cha kutolijali tena. Huambiwa, nao wakaamini, kwamba gari lililohudumu kwa miaka 40 haliwezi kukosa kunuka. Kauli hiyo haina ukweli. Gari lililotunzwa vyema, liwe liliundwa mwaka wa 1965 au 2005, halipaswi kunuka petroli likiwa limeegeshwa wala likiwa safarini. Likinuka, pana mahali panapovuja, na mara nyingi mahali hapo ni kiungo kimoja kidogo kati ya tangi na kabureta.

Suala hili lina uzito wa kipekee katika maeneo kama Machakos, mji ulio umbali wa kilomita 60 hivi kusini mashariki mwa Nairobi. Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun 160J na Land Rover za zamani bado zina wapenzi wake Ukambani. Kuna wanaozihifadhi kwa fahari na kuna wanaozitegemea kubebea mazao, maji na mchanga. Ndizo zile zile zilizojijengea jina katika mashindano ya Safari Rally: Volkswagen ilishinda mwaka wa 1954, Peugeot 404 ikatamba mwaka wa 1963 na tena mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, nayo Peugeot 504 ikaibuka mshindi mwaka wa 1975 na 1978.

Magari haya ni wenyeji wa kale. Kanuni za Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS) haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane, hivyo basi Peugeot 504 au Beetle unayoiona leo barabarani kwa kawaida imekaa nchini kwa miongo kadhaa. Imepitia mikono ya mafundi wengi, kila mmoja akiongeza mpira wake, klipu yake na ujanja wake. Ndiyo maana mwenye gari hawezi kudhani kwamba viungo vya petroli vilivyomo ndivyo vilivyowekwa na kiwanda.

Makala hii inaeleza jinsi ya kutafuta mahali panapovuja, jinsi ya kupatengeneza, na mbinu gani za mitaani zinazofaa kuachwa mara moja.

Chanzo cha viungo kuvuja

Katika gari lenye kabureta, petroli hutoka kwenye tangi kupitia paipu ndefu ya chuma, ikaingia katika mpira mfupi, ikavutwa na pampu inayoendeshwa na injini, kisha ikasukumwa kupitia mpira au paipu nyingine hadi kwenye kabureta. Kila mahali ambapo kipande kimoja hukutana na kingine pana kiungo.

Mambo matatu huviharibu viungo hivi. La kwanza ni mtikisiko. Barabara za changarawe zinazoelekea maeneo ya ndani ya Mwala, Yatta na Masinga huitikisa paipu maelfu ya mara katika safari moja, na paipu isiyoshikiliwa vyema na vibanio vyake hupinda-pinda kwenye kiungo hadi kikalegea au kikapasuka. La pili ni joto. Mpira ulio karibu na injini hukauka, ukapoteza ulaini wake na kufanya nyufa ndogo kwenye ncha. La tatu ni mkono wa fundi asiye na subira, ambaye kila akiona unyevu hukaza nati kwa nguvu zaidi.

Hili la tatu ndilo linaloleta madhara makubwa zaidi, kwa kuwa linatokana na kutoelewa jinsi kiungo kinavyofanya kazi. Watu wengi hudhani kwamba uzi wa nati, yaani ile mistari inayozunguka ndani yake, ndio unaoizuia petroli. Sivyo. Katika karibu viungo vyote vya petroli vya magari ya aina hii, kazi ya uzi ni kuvibana vipande viwili tu. Kinachoizuia petroli ni pale nyuso mbili safi zinapokutana na kukaa sawasawa: mdomo wa paipu na kiti chake, pete ya shaba na ukuta wake, au washa na uso wa kabureta.

Isitoshe, nguvu ya petroli katika gari lenye kabureta ni ndogo mno. Pampu ya injini huisukuma kwa kani isiyofika hata robo ya upepo uliomo katika gurudumu la gari dogo. Kiungo chenye nyuso nzima huizuia kwa urahisi. Ikiwa fundi analazimika kutumia nguvu nyingi ndipo pakauke, basi nyuso zimeharibika, na kukaza zaidi kutaziharibu kabisa. Dawa ni kufungua, kuchunguza na kubadilisha kile kipande kinachoziba.

Peugeot kadhaa za 404 na 504 zilitoka kiwandani na mfumo wa kurushia petroli kwa pampu maalumu badala ya kabureta. Katika mfumo huo petroli husukumwa kwa kani kubwa zaidi, na maelezo yaliyo hapa hayatoshi. Gari la aina hiyo lipelekwe kwa fundi aliyebobea.

Tahadhari kabla ya kushika spana

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Mvuke huo hutoka hata katika baridi kali, kwani petroli huweza kushika moto ikiwa na nyuzijoto 40 hivi chini ya sifuri. Katika joto la mchana la Machakos, tone lililoanguka chini hugeuka mvuke kwa muda mfupi. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu au zaidi, kwa hivyo haupai. Hutambaa ardhini, ukajaa katika mitaro na mashimo, ukasubiri cheche.

Wakenya wanakumbuka mkasa wa mtaa wa Sinai, jijini Nairobi, mnamo Septemba 12, 2011. Petroli iliyovuja kutoka bomba la Kampuni ya Kenya Pipeline ilitiririka kwenye mtaro wa maji machafu kabla ya kulipuka, na takriban watu 100 wakaangamia. Gari moja haliwezi kulinganishwa na bomba kuu, lakini mvuke hufuata tabia ile ile: huenda mbali na mahali ulikotoka, ukakutana na moto ambao hakuna aliyeufikiria.

Kwa sababu hiyo, kazi hii haifai kufanywa ndani ya shimo la kukagulia magari wala katika banda lililofungwa. Gari lisukumwe nje, mahali tambarare penye upepo, na magurudumu yazuiwe kwa mawe. Katika mabanda mengi ya jua kali, fundi wa magari hufanya kazi ubavuni mwa mchomeleaji vyuma. Kazi ya petroli isianze kabla ya mashine ya kuchomelea kuzimwa, au gari kupelekwa mbali nayo. Jiko la makaa la mwuza chai, sigara na taa ya balbu yenye waya mrefu vyote viwekwe mbali. Tumia tochi inayotumia betri, na uiwashe kabla ya kukaribia gari.

Injini iachwe ipoe kabisa. Ondoa waya wa betri uliofungwa kwenye bodi ya gari. Katika magari mengi waya huo ni wa upande hasi, lakini baadhi ya magari ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yalifungwa kinyume, upande chanya ukiwa ndio uliounganishwa na bodi. Tazama kwanza waya unaelekea wapi badala ya kubahatisha.

Kisha fungua kifuniko cha tangi ili kani iliyomo itoke, halafu ukirudishe. Uwe na mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu au povu karibu nawe, pamoja na ndoo ya mchanga. Maji hayafai, kwa sababu petroli huelea juu yake na kuusambaza moto.

Mwisho, petroli isifyonzwe kwa mdomo. Desturi hii imeenea sana, na ni ya hatari. Petroli ikiingia mapafuni, hata kiasi kidogo, huweza kusababisha ugonjwa mkali wa mapafu. Aliyeimeza asilazimishwe kutapika, kwa kuwa inapopanda tena koromeoni ndipo huingia mapafuni kwa urahisi. Apelekwe hospitalini.

Kutafuta mahali panapovuja

Tone huanguka mahali palipo chini zaidi, wala si lazima iwe ndipo lilipotoka. Petroli inaweza kuvuja karibu na kabureta, ikatambaa juu ya paipu, ikadondoka chini ya pampu. Fundi akibadilisha pampu, gari litaendelea kuvuja na mteja atakuwa amepoteza pesa zake.

Anza kwa kusafisha. Pangusa paipu na viungo vyote kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa kidogo, kisha ukaushe kwa kitambaa kingine. Usioshe kwa petroli. Baada ya hapo, paka unga wa chaki ubaoni au poda ya mtoto kuzunguka kila kiungo. Rudisha waya wa betri, washa injini kwa dakika moja au mbili huku mtu mwingine akiwa ameshika mtungi wa kuzimia moto, kisha uizime. Unga utabadilika rangi pale petroli inapoanzia kutoka. Anza kutazama juu ukishuka chini. Alama ya kahawia au ya manjano iliyogandamana pia ni ushahidi, kwa sababu petroli inapokauka huacha utando wa rangi hiyo.

Kuna mahali pawili panapowapoteza mafundi wengi. Pa kwanza ni kabureta yenyewe. Ikiwa sindano iliyo juu ya boya haifungi sawasawa, petroli hujaa na kumwagika juu, ikaonekana kana kwamba kiungo kinavuja. Kubadilisha kiungo hakutasaidia; kinachohitajika ni kusafisha au kubadilisha sindano hiyo. Pa pili ni pampu. Ngozi yake ya ndani ikipasuka, petroli huweza kutoka kwenye kitundu kilicho chini ya pampu, au ikashuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili na ukinuse. Ikiwa kinanuka petroli au kiwango cha oili kimepanda, injini isiwashwe tena mpaka pampu ibadilishwe na oili yote imwagwe.

Vilevile, zingatia upande wa kiungo. Kati ya pampu na kabureta petroli husukumwa, kwa hivyo kiungo kibovu hudondosha. Kati ya tangi na pampu petroli huvutwa, na kiungo kibovu huweza kukaa kikavu kabisa huku kikiingiza hewa. Gari la namna hiyo hukosa nguvu kwenye mlima, likazimazima, kisha likawaka tena baada ya kupumzika. Dereva aliyepanda kutoka Kyumvi kuelekea mjini, akaona gari limekatika pumzi, hudhani petroli imegeuka mvuke ndani ya paipu kwa sababu ya joto, akafunika pampu kwa kitambaa kilicholowa maji. Ikiwa dalili hiyo inarudi hata asubuhi yenye baridi, tatizo si joto. Kagua mipira na klipu za upande wa tangi.

Kiungo cha mpira na klipu

Hiki ndicho kiungo kinachopatikana kwa wingi na ndicho kinachopuuzwa zaidi. Ukikunja mpira ukaona nyufa, au ukiubonyeza ukawa mgumu kama mti, au ukawa laini na kuvimba, hauna maisha tena. Ubadilishe wote badala ya kukata ncha.

Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya petroli. Mpira halisi huwa umechapishwa maandishi ubavuni. Alama ya SAE J30 R7 huashiria mpira unaofaa gari la kabureta, nayo R9 huashiria mpira bora zaidi unaostahimili kani kubwa na petroli iliyochanganywa na ethanoli. Mchanganyiko huo unazidi kuenea duniani. Uingereza, kwa mfano, ilifanya petroli yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli kuwa ya kawaida vituoni kuanzia Septemba 2021, na wenye magari ya zamani wakatahadharishwa kuhusu mipira yao.

Mpira wa kumwagilia bustani na ule wa plastiki unaopenyeza mwanga havifai. Plastiki hiyo huwa migumu na kupasuka. Kadhalika, vipande vya tyubu ya gurudumu vinavyofungwa badala ya klipu havifai, kwa kuwa petroli huilainisha raba hiyo na kuifanya ivimbe mpaka ilegee.

Pima kipenyo cha paipu kabla ya kununua. Mipira mingi ya magari haya ina upana wa ndani wa milimita 6 hadi 8. Mpira ulio mpana ukibanwa kwa nguvu hukunjamana, na petroli hupita katika mkunjo. Safisha kutu kwenye ncha ya paipu, sukuma mpira uifunike kwa takriban milimita 25, kisha uweke klipu nyuma ya ule uvimbe ulio karibu na ncha ya paipu. Ikaze mpaka mpira ubonyee kidogo, usikatwe.

Kiungo cha nati na paipu

Viungo vya nati ni vya aina mbili. Katika aina ya kwanza, mdomo wa paipu umepanuliwa kama wa tarumbeta, na nati huusukuma dhidi ya kiti chenye umbo la pia. Katika aina ya pili, paipu haikupanuliwa, bali imevishwa pete laini ya shaba ambayo nati inapokazwa huibana paipu.

Vyote viwili hufunguliwa kwa spana mbili. Moja hushikilia kipande kilichofungwa kwenye pampu au kabureta, na nyingine huzungusha nati. Anayetumia spana moja husokota paipu au kung'oa uzi wa kabureta, ambayo imeundwa kwa madini laini. Koleo lisitumike, kwa sababu huila nati pembe zake.

Ukishafungua, tazama mdomo wa paipu kwa tochi. Mdomo ulionyooka pande zote, usio na mkwaruzo wala ufa, unaweza kusafishwa na kurudishwa. Mdomo ulio na ufa au uliopondwa upande mmoja ukatwe, na mwingine utengenezwe kwa kifaa maalumu cha kupanulia paipu. Tumia kikata paipu cha gurudumu badala ya msumeno, kwani msumeno huacha chembe za chuma ambazo zitaishia kwenye vitundu vya kabureta. Kumbuka kuvisha nati kabla ya kupanua mdomo. Ikiwa paipu imekuwa fupi kwa kukatwa mara nyingi, isivutwe kwa nguvu ili ifike. Weka paipu mpya.

Kwa kiungo cha pete, pete mpya ni lazima kila mara, kwa sababu ile ya zamani tayari imebanwa na haiwezi kukaa upya sawasawa. Sukuma paipu mpaka mwisho, kaza nati kwa vidole hadi igote, kisha uizungushe kwa spana kama mzunguko mmoja. Jaribu. Pakiwa na unyevu, ongeza kidogo sana, sehemu ya nane ya mzunguko, na si zaidi.

Onyo kuhusu ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba ya maji: haina kazi hapa. Ikizungushwa kwenye uzi wa kiungo cha aina hizi mbili haizibi chochote, maana mahali pa kuziba ni kwenye kiti. Badala yake, nyuzinyuzi zake hukatika na kuziba kabureta, na gari likaanza ugonjwa mpya.

Aidha, chunguza vipimo vya uzi. Magari ya Ufaransa na Japani kwa kawaida hufuata milimita, ilhali ya Uingereza ya enzi hizo yalifuata inchi. Nati isiyo ya kwake huweza kuingia mizunguko miwili kisha ikagoma. Hapo isilazimishwe. Nati iliyo sahihi huingia kwa vidole karibu njia yote.

Kiungo cha bolti yenye tundu

Kabureta na pampu kadhaa hutumia bolti yenye tundu katikati, inayopita ndani ya pete iliyo kwenye ncha ya paipu. Kiungo hiki kina washa mbili, moja kila upande wa pete, na zote mbili hubadilishwa kwa pamoja hata kama moja tu ndiyo inayovuja.

Washa za shaba zikikosekana madukani, zile za zamani zinaweza kulainishwa upya. Fundi huzipasha moto mpaka ziwe nyekundu, akaziacha zipoe, akazisugua kwa msasa laini. Shaba hupoteza ugumu wake na kuweza kuziba tena. Kazi hiyo ifanyiwe mbali kabisa na gari. Washa za alumini na zile za nyuzi zilizoshindiliwa hazilainishwi. Ni kutupa na kuweka mpya.

Pitisha ukucha juu ya uso wa kabureta pale washa inapokaa. Ukihisi mfereji, uso huo unahitaji kusawazishwa kabla ya kufunga. Bolti hii ni dhaifu kwa kuwa ina uwazi ndani, hivyo ikazwe kwa kiasi. Wengi walioikata walikuwa wakijaribu kuziba kwa nguvu kile ambacho washa mpya ingeziba bila taabu.

Hatari maalumu ya Volkswagen Beetle

Wenye Beetle wana jambo lao la kuangalia. Katika kabureta za Solex za gari hili, kijibomba cha shaba kinachopokea mpira wa petroli hakikufungwa kwa uzi. Kilisukumizwa tu kwenye mwili wa kabureta. Kwa miaka mingi ya joto na mtikisiko, kijibomba hicho hulegea na huweza kuchomoka gari likiwa mwendoni.

Klipu bora haiwezi kuzuia hali hiyo. Mpira hubaki umeshikamana na kijibomba, lakini vyote viwili hutengana na kabureta. Petroli humwagika juu ya injini yenye moto, karibu na distribyuta inayotoa cheche. Isitoshe, kasha la injini ya Beetle limeundwa kwa aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto huwaka kwa ukali, na kuimwagia maji huuchochea zaidi.

Injini ikiwa baridi, shika kijibomba hicho kwa vidole na ujaribu kukizungusha polepole. Kikizunguka au kikisogea, gari lisiendeshwe. Gundi peke yake si tiba. Kabureta ifunguliwe, kifuniko chake kiondolewe pamoja na sindano, na mchonga vyuma atengeneze uzi ili kijibomba cha skrubu kifungwe mahali pake. Chembe zote zisafishwe kabla ya kufunga. Ukiwa hapo, hakikisha pia kwamba chujio la petroli halining'inii juu ya injini, kwa kuwa uzito wake huuvuta mpira na kukilegeza kijibomba. Mahali pake panapofaa ni chini ya gari, mbali na injini.

Kuhakikisha kazi imekamilika

Baada ya kufunga, panguse petroli yote iliyomwagika na uache boneti wazi mpaka harufu iishe. Ndipo waya wa betri urudishwe, kwa sababu kuurudisha huweza kutoa cheche.

Washa injini na uiache kwa dakika tano. Gusisha kipande cha karatasi nyeupe kavu kwenye kila kiungo. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Zima injini, subiri dakika kumi, kisha urudie. Hatua hii ya pili ni muhimu kwa kuwa joto la injini hupanda kwenye kabureta baada ya kuzimwa, na kiungo kilichokuwa kikavu huweza kuanza kutoa jasho.

Endesha mwendo mfupi kwenye barabara yenye mashimo, ukague tena. Baada ya kilomita 100 hivi, klipu za mipira zikazwe kidogo, maana mpira mpya hutulia. Nati za paipu zisiguswe ikiwa ni kavu.

Ukikwama njiani

Kipande cha sabuni kikisuguliwa kwenye kitundu kidogo cha tangi hupunguza uvujaji kwa muda, kwani petroli haiyeyushi sabuni kwa urahisi. Ujanja huo umewafikisha wengi nyumbani. Hata hivyo, unafaa kwenye tangi pekee, ambako petroli haisukumwi. Haufai kwenye kiungo kilicho karibu na injini, na wala chingamu au tepu haifai. Gari linalodondosha petroli chini ya boneti livutwe.

Mwenye gari la zamani hana budi kubeba mita moja ya mpira wa petroli, klipu nne, washa chache za vipimo vya gari lake, spana mbili zinazoingia kwenye nati zake, tochi na mtungi wa kuzimia moto unaofikiwa kutoka kiti cha dereva. Mtungi ulio ndani ya buti, chini ya gurudumu la akiba, hausaidii mtu.

Wajibu wa mteja na fundi

Lawama huelekezwa kwa mafundi wa jua kali, lakini mara nyingi ni mteja anayetaka gari litoke baada ya dakika kumi, na anayekataa kununua washa mbili akisema za zamani bado ni nzima. Fundi naye hukubali ili asipoteze kazi. Gharama ya washa, pete na mpira ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya gari, sembuse maisha ya waliomo.

Mwenye gari aulize maswali matatu kabla ya kulipa: Kiungo kilikuwa cha aina gani? Ni kipande gani kilichobadilishwa? Kiko wapi kile cha zamani? Fundi aliyefanya kazi yake atajibu mara moja na kuonyesha kipande kilichotolewa. Anayejibu kwamba alikaza tu hajatengeneza kitu. Ameahirisha tatizo, na huenda amelizidisha. Gari la namna hiyo lirudishwe nje, waya wa betri uondolewe, na kazi ianzwe upya.